Paka amepewa rufaa ya upasuaji: hatua kwa hatua, toka barua ya daktari hadi kutoa nyuzi

Maswali ni yale yale kila mara. Nimfungishe (nimnyime chakula kabla ya upasuaji) kuanzia saa ngapi? Nimbebe kwenye nini? Analia kwa maumivu, nimpe nusu Panadol?

Tuanze na hilo la mwisho kwa sababu halisubiri: usimpe. Ini la paka haliwezi kuimaliza parasetamoli, dawa iliyomo kwenye Panadol, kama letu. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mzima wa kilo 4. Damu yake inashindwa kubeba oksijeni, fizi zinageuka kahawia au buluu, uso na miguu vinavimba. Ibuprofeni na diklofenaki zinaharibu figo na tumbo. Kama amekwishapewa, acha kusoma, mpigie daktari sasa hivi umwambie ni kidonge kipi na saa ngapi.

Mwongozo huu ni wa paka aliyekwishaonwa na daktari wa mifugo wa karibu, akaandikiwa aende hospitali kubwa yenye daktari wa upasuaji na vifaa. Tanzania wengi wanaelekezwa hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA), Morogoro. Kenya, kliniki za kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete. Zipo pia hospitali binafsi mijini. Utaratibu haupishani sana.

Je, kweli anahitaji rufaa?

Kuhasi dume, kufunga kizazi, kupasua jipu, kushona kidonda cha kawaida: daktari wa karibu anatosha, usichome nauli bure. Rufaa ni ya mifupa inayohitaji pini au bati (vyuma vya kuushikilia mfupa), ngiri ya kiwambo (paka aliyegongwa na bodaboda, matumbo yakapanda kifuani), macho, uti wa mgongo, uvimbe ulio mahali pabaya, na dume ambaye mrija wa mkojo umeziba mara kwa mara mpaka inabidi afunguliwe njia mpya.

Kuhusu huyo wa mwisho, kuna jambo moja. Dume anayeenda chooni kila dakika, anakakamaa, analia na hatoi hata tone, huyo si wa kusafirishwa kwenda mbali leo. Potasiamu inapanda kwenye damu, moyo unasimama, na kinachomwua ni hicho, wala si kibofu kupasuka. Apelekwe kwa daktari aliye jirani azibuliwe kwa mrija ndani ya saa chache, apewe dripu, atulie. Rufaa itafuata baadaye.

Vitu vya kuandaa

- Boksi gumu la plastiki la kubebea paka, lenye mlango wa waya, na ikiwezekana linalofunguka juu. Aweze kusimama na kugeuka ndani yake.
- Taulo mbili kuukuu, moja ya ndani na moja ya akiba. Khanga nyepesi ya kufunika boksi.
- Barua ya rufaa, kadi ya chanjo, majibu ya vipimo, picha za eksirei.
- Karatasi ya dawa zote alizopewa: jina, kiasi, tarehe na saa ya mwisho.
- Magazeti, mfuko wa plastiki wa uchafu, glavu, kitambaa kibichi.
- Chakula chake anachokipenda, kwa ajili ya baada ya upasuaji. Paka akizinduka mahali pageni hukataa chakula asichokijua.
- Simu yenye chaji na salio. Daktari akihitaji ruhusa yako katikati ya upasuaji, hana muda wa kukutafuta.

Boksi la katoni lenye matundu halifai. Akikojoa tu, kitako kinalowana kinaachia, na paka mwenye mguu uliovunjika yuko barabarani. Kiroba au sandarusi ndiyo kabisa: hapati hewa ya kutosha, na huwezi kumwona.

Hatua 1: Kusanya karatasi kabla ya kupiga simu

Omba faili lenyewe la eksirei, siyo picha uliyoipiga kwa simu kutoka kwenye skrini ya daktari. Picha ya simu ina mng'ao na haionyeshi nyufa ndogo, kwa hiyo hospitali italazimika kupiga upya na utalipa mara mbili. Mifupa ipigwe pande mbili: ya ubavu na ya mbele. Barua ioneshe lini aliumia, nini kimefanyika, na kama ana ugonjwa mwingine.

Angalia kadi ya chanjo mapema. Chanjo aliyopigwa jana bado haijamkinga na mafua ya paka yanayoweza kuwepo wodini, hivyo kama upasuaji si wa dharura, achanjwe wiki kadhaa kabla. Anayevuka mpaka, mathalani kutoka Arusha kupitia Namanga kwenda Nairobi, anahitaji kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, cheti cha afya kutoka kwa daktari wa serikali, na kibali cha kuingiza mnyama Kenya. Vibali havitoki siku hiyo hiyo.

Hatua 2: Piga simu na uulize maswali yenye majibu

Swali la "mtamtibu vizuri?" halina jibu. Uliza haya:

1. Nani atakayemwangalia akiwa kwenye nusukaputi, na je, ni mtu mwingine tofauti na anayepasua?
2. Atawekewa mrija wa kupumulia na kifaa cha kumpa joto? Paka ni mdogo, anapoteza joto upesi.
3. Baada ya kuzinduka, nani anakaa naye? Usiku kuna mtu au mlango unafungwa?
4. Makadirio ya gharama ni kiasi gani, ya chini na ya juu, na kianzio ni kiasi gani?
5. Kama atahitaji damu, mnaipata wapi?

Swali la tatu watu hulipita, na ndilo la maana kuliko yote. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya paka waliokufa kutokana na nusukaputi walikufa baada ya upasuaji kwisha, wengi wao ndani ya saa tatu za mwanzo. Yaani wakati ambapo kila mtu ameshavua glavu.

La tano ni kwa upasuaji wa kutoka damu nyingi. Paka wana makundi A, B na AB, na hakuna paka wa "kumpa kila mtu" kama ilivyo kwa binadamu wa kundi O. Paka wa kundi B akitiwa damu ya A anaweza kufa kwa kiasi kidogo tu. Wakikuambia ulete paka wa kutoa damu, awe mzima, mwenye afya, aliyechanjwa, zaidi ya kilo 4, na apimwe kundi kwanza.

Kwenye bei, jua inavyogawanyika: kumwona daktari, vipimo vya damu, picha, nusukaputi, upasuaji wenyewe, pini au bati na skrubu, wodi kwa kila usiku, dawa za kwenda nazo, na eksirei ya marudio. Mtu anayekutajia "upasuaji ni kiasi fulani" mara nyingi ametaja kimoja tu katika hivyo. Tenga robo zaidi ya makadirio ya juu.

Hatua 3: Mpime nyumbani

Uzito: dozi zote zinatokana nao. Mizani ya bafuni huwa haisomi vizuri vitu vyepesi, kwa hiyo simama mwenyewe, kisha simama umembeba, utoe. Afadhali zaidi mizani ya mwenye duka la nafaka: pima boksi tupu, kisha boksi na paka.

Kupumua: akiwa amelala usingizi, hesabu kifua kinavyopanda kwa sekunde 30, zidisha kwa 2. Chini ya 30 kwa dakika ni kawaida. Kama unapata zaidi ya 40, au anapumua kwa mdomo wazi, mwambie daktari kabla ya kuondoka nyumbani. Moyo wa paka unaweza kuwa mgonjwa kimya kimya bila dalili yoyote, na kupumua ndiko kunakomsaliti.

Kula: andika alichokula siku tatu za mwisho. Paka, hasa mnene, asipokula siku mbili tatu mafuta huanza kujaa kwenye ini. Usimwache na njaa wiki nzima ukisubiri siku ya upasuaji. Mwambie daktari, kuna njia za kumlisha.

Hatua 4: Mzoeshe boksi

Kama una wiki mbili, liache boksi wazi sebuleni, mlango umetolewa, taulo lake la kulalia ndani, na chakula chake kiwe kinawekwa humo. Kama una siku moja tu, weka taulo alilolalia na uendelee na hatua inayofuata. Kwa paka mkali, muulize daktari wako kuhusu gabapentini ya kutuliza, ambayo hupewa muda wa saa mbili au tatu kabla ya safari. Dozi aandike yeye, na hospitali iambiwe kwamba amepewa.

Hatua 5: Kumfungisha

Paka mzima kwa kawaida anakaa muda wa saa 6 hadi 8 bila chakula kabla ya nusukaputi. Maji anaachiwa mpaka asubuhi. Hii ni kwa sababu akitapika akiwa hana fahamu, matapishi yanaingia kwenye mapafu.

Mtoto wa paka aliye chini ya miezi minne hafungishwi hivyo, sukari yake inashuka upesi. Huyo ni muda wa saa 2 hadi 4 tu, kwa maelekezo ya hospitali. Mwenye kisukari naye ana utaratibu wake; usikate chakula huku ukiendelea na insulini.

Sasa onyo, na hili linatokea zaidi ya mnavyodhani. Kadi ya maelekezo ya hospitali inaandikwa "12:00 AM", mwenye paka anaisoma saa 12 asubuhi, anampa samaki alfajiri, na upasuaji unaahirishwa. 12:00 AM ni saa 6 usiku. Chukua kalamu, andika saa ya Kiswahili pembeni ya kila muda kwenye kadi, mbele ya aliyekupa.

Usiku huo mfungie chumba kimoja. Paka anayetoka nje amefungishwa na wewe tu. Jirani, jalala na panya hawana habari. Akila kwa bahati mbaya, sema ukweli mapokezi. Watasogeza saa au siku, basi.

Hatua 6: Kumwingiza kwenye boksi

Paka mzima wa viungo: simamisha boksi mdomo ukitazama juu, mshushe kwa miguu ya nyuma kwanza. Akitangulia kichwa, atatanua miguu minne mlangoni na hapo utashinda kutwa. Akikataa, mviringishe kwenye taulo kama sambusa, kichwa nje, umtie na taulo lake. Usimnyanyue kwa ngozi ya shingo.

Aliyevunjika: usimbebe mikononi. Telezesha sinia pana au ubao chini yake, fungua boksi juu, mshushe na sinia lake au mtelezeshe taratibu. Wala usimfunge vijiti. Paja likivunjika, kijiti ulichofunga chini ya goti kinakuwa uzito unaoning'inia na kuuvuta mfupa kila akijigeuza.

Anayepumua kwa shida: mwache achague mwenyewe jinsi ya kukaa. Usimlaze ubavu, usimbane kifua.

Hatua 7: Njiani

Kutoka Dar hadi Morogoro ni kama kilomita 190, na joto la Chalinze saa 7 mchana si la kuchezea. Ondokeni alfajiri. Boksi liwe sakafuni nyuma ya kiti cha mbele, au kwenye kiti likiwa limefungwa mkanda. Funika khanga pande tatu, upande mmoja hewa ipite. Kwa basi, boksi likae miguuni pako, kamwe lisiingie kwenye buti: kuna joto, moshi, na mabegi yanaanguka. Kabla ya kukata tiketi ya basi au treni, uliza kama wanapokea mnyama, usije ukashushwa getini.

Usifungue boksi njiani, hata kama analia. Akikojoa, ingiza gazeti kavu kwa upenyo mdogo ukiwa ndani ya gari, milango na vioo vikiwa vimefungwa. Kuna paka waliopotea Chalinze kwa huruma ya namna hiyo.

Hatua 8: Mapokezi na fomu

Weka boksi juu ya kiti au meza, siyo chini usawa wa pua za mbwa. Mkabidhi daktari ile karatasi ya dawa.

Kisha utapewa fomu ya ridhaa. Isome. Inasema anaweza kufa, na hiyo si lugha ya kujikinga tu. Katika utafiti ule ule wa Uingereza, alikufa kama paka 1 kati ya 900 waliokuwa na afya, na 1 kati ya 70 hivi waliokuwa wagonjwa. Ndiyo maana damu hupimwa kwanza: wingi wa damu, sukari, figo, ini. Ukiona bili ya vipimo hivyo usidhani unaibiwa. Kwenye fomu pia utaulizwa kama moyo ukisimama waushtue au wamwache. Amueni nyumbani, siyo hapo dirishani.

Acha namba mbili za simu, na taulo lenye harufu ya kwenu.

Hatua 9: Kumchukua

Usiondoke bila haya: jina la kila dawa na bomba lake la kupimia, tarehe ya kurudi, chakula na kiasi, nyuzi ni za kutoa au za kuyeyuka, na namba ya kupiga usiku. Mwombe mhudumu akuonyeshe kidonda kabla hujaondoka na ukipige picha. Picha hiyo ndiyo utakayolinganisha nayo kesho.

Meloksikamu ya maji, dawa ya maumivu, ipo ya miligramu 0.5 kwa mililita, ya paka, na ipo ya 1.5, ya mbwa. Ukiishiwa na ukanunua ya mbwa, ukapima kwa bomba lile lile, umempa dozi mara tatu ya aliyoandikiwa.

Hatua 10: Nyumbani

Usiku wa kwanza chumba kimoja chenye mwanga hafifu, godoro chini, hakuna meza wala kabati la kurukia. Akiamka vizuri mpe chakula kidogo, kama kijiko kimoja, kisha kingine baadaye. Pasha kidogo, harufu ndiyo inayomwita. Samaki wa kuchemsha asiye na chumvi anafaa, lakini toa kitunguu na kitunguu saumu kabisa: vinaharibu chembe nyekundu za damu yake.

Chooni badilisha mchanga, weka magazeti yaliyochanwa vipande mpaka kidonda kikauke. Mchanga hunata kwenye mshono.

Kola ya koni, ile anayovalishwa shingoni asilambe kidonda, haivuliwi kwa huruma. Ulimi wa paka ni msasa. Dakika kumi zinatosha kufumua mshono. Kama hawezi kula nayo, ivue ukiwa umekaa mbele yake, akimaliza mvalishe.

Aliyewekewa pini au bati anakaa kwenye kreti kubwa ya mbwa kwa wiki 6 hadi 8, ndani yake choo, maji na mahali pa kulala. Wiki ya tatu atakuwa anaonekana mzima, anadai kutoka. Mfupa bado. Mruko mmoja wa kwenye dirisha unapinda bati, na upasuaji wa pili ni mgumu na ghali kuliko wa kwanza.

Bandeji iangaliwe asubuhi na jioni. Tazama vidole viwili vya katikati vinavyochungulia: kucha zake zikianza kuachana, mguu umevimba, bandeji inabana. Rudi siku hiyo hiyo, usiikate mwenyewe.

Mambo yakienda kombo

*Hajala tangu arudi.* Muda wa saa 24 mvumilie huku ukipasha chakula na kubadilisha. Ukipita, piga simu. Mara nyingi ni maumivu hayajatulizwa vya kutosha.

*Hajakojoa muda wa saa 24.* Piga simu leo, hasa akiwa dume. Haja kubwa inaweza kuchelewa siku mbili tatu kwa sababu alifungishwa na dawa za maumivu hupunguza mwendo wa utumbo.

*Mshono unatoa maji.* Majimaji mepesi ya waridi siku ya kwanza si shida. Usaha, harufu, uwazi, au uvimbe unaokua: rudi. Usipake spiriti, detoli wala mafuta ya nazi. Detoli ina sumu kwa paka, na atailamba.

*Amelegea, ana baridi.* Joto la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39.2. Likishuka chini ya 37, mfunike, weka chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa kwenye taulo, piga simu.

*Fizi nyeupe, anapumua zaidi ya 40 akiwa amelala, au mdomo wazi.* Usipige simu kwanza. Mtie kwenye boksi, piga ukiwa njiani.

*Ametapika dawa.* Usimrudishie dozi. Uliza.

*Siku ya kutoa nyuzi imefika na hospitali ni mbali.* Nyuzi za ngozi hutolewa siku ya 10 hadi 14, na daktari wa karibu anaweza, dakika tano. Eksirei ya wiki ya 6 hadi 8 pia anaweza kupiga yeye, lakini faili litumwe kwa aliyepasua, na kreti isifunguliwe mpaka huyo ajibu.